Boti imelala miaka 6, injini inawaka dakika 3 inazima: kisa cha dizeli iliyotutesa Luchelele

Kisa hiki ni cha Luchelele, hapa hapa Mwanza, na nakiandika kirefu makusudi maana kila nikikisimulia kijiweni watu wanarukia mwisho, "haya sema shida ilikuwa nini", wakati shida haikuwa moja na ile njia ya kuifikia ndo yenye faida. Mi ni fundi dizeli, kazi zangu nyingi ni mashine za kusaga, jenereta, fuso na maboti ya mizigo yanayoenda visiwani. Boti za matanga nimezishika chache mno, na ukweli ni kwamba ziwa lote hili upande wetu utazihesabu.

Mzee mmoja mstaafu alinunua boti ya matanga, futi 28 hivi, kwa mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Boti ilikuwa imefungwa kwenye boya miaka 6, haijawashwa hata siku moja, matanga yamekunjwa ndani, juu ndege wameshaifanya choo. Injini yake Yanmar 2GM20, silinda 2, cc 636, ndogo tu ya farasi 16 mpaka 18, na haina hita plagi, ile ya kupasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Hapo pa hita plagi mpashike maana tutaparudia. Mzee anajua kupeleka tanga vizuri, tatizo pale alipofunga pana mawe kila upande na asubuhi upepo unalala kabisa, bila injini hatoki na akitoka kurudi ni kubahatisha.

Akanipigia simu. "Fundi, inawaka, inaenda dakika tatu nne, inazima yenyewe kama mtu kaizima. Alafu haiwaki tena mpaka wafungue fungue na spana nusu saa." Nikamuuliza inazima ghafla au inapwaya pwaya kwanza? Akasema inapwaya, inashuka inapanda, inashuka, kimya. Nikamshukuru maana hayo maneno yake peke yake yalikuwa nusu ya kazi. Injini iliyokufa kompresheni, yaani isiyobana hewa, haiendi dakika 3 vizuri alafu ikapwaya. Hiyo ni injini inayokosa mafuta taratibu.

Ila kabla yangu walishapita mafundi wawili. Wa kwanza kasema fidi pampu, ile inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi, imekufa, wa pili kasema hapana, pampu ya nozeli, ile inayosukuma mafuta kwa presha kwenda kwenye silinda, ndo imekufa na nyingine inabidi iagizwe, na bei aliyotaja inatosha kununua bodaboda mpya ukabaki na hela ya kofia. Siwataji na wala siwasemi vibaya, ila nataka niseme kitu kuhusu hii pampu ya nozeli. Ni kifaa ghali kuliko vyote pale, kimefungwa, huoni ndani, kwahiyo fundi akikosa jibu anakitupia lawama. Mi kwa uzoefu wangu pampu ya dizeli ni ya mwisho kufa, inakufa kwa maji au uchafu ulioingia, na hata ikifa haifi kwa kuwasha dakika 3 na kuzima halafu kesho ikarudia hivo hivo kama saa.

Jumatatu nikaenda na dogo wangu, na betri ya fuso tumeipakia kwenye mtumbwi maana betri ya boti walishaimaliza kwa kupiga stata. "Mwangaluka mzee," "mwangaluka fundi, karibuni, mtakunywa chai?" Chai baadae.

Jambo la kwanza kabisa sikugusa stata. Nikamuuliza mzee, hawa jamaa walipokuwa wanapiga stata muda mrefu, ile koki ya maji ya ziwa mliifunga au ilikuwa wazi? Akafikiri, akasema ilikuwa wazi, tena walipiga sana mpaka waya ukawa wa moto. Nikahisi ubaridi tumboni. Kwa wasiojua boti, hii injini inapozwa na maji yanayovutwa kutoka ziwani, yakishapoza yanamwagwa kwenye ekzosi yanatoka pamoja na moshi. Injini ikiwaka, moshi unayasukuma nje. Ukipiga stata tu bila kuwaka, pampu ya maji inaendelea kuvuta ila hakuna moshi wa kuyasukuma, yanajaa kwenye silensa, silensa ikijaa yanarudi nyuma kupitia ekzosi mpaka kwenye valvu na ndani ya silinda. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta maji, unapinda koneti rodi, na hapo ndo kweli unanunua bodaboda.

Tukafungua bolti ya chini ya silensa, yakatoka maji ndoo nzima na zaidi kidogo. Ilikuwa imebaki kidogo sana yafike kwenye silinda. Nikachomoa kijiti cha oili, oili nyeusi ya kawaida, haijawa kama maziwa, haijapanda kipimo. Nikainua vile vilevya (vishikio) viwili vya kuachia kompresheni juu ya kifuniko cha valvu, nikazungusha krenki kwa mkono, ikazunguka laini, hamna kugonga. Nikashusha kilevya kimoja nikazungusha, nikasikia imebana na kusukuma mkono. Kingine hivo hivo. Sina mita ya kompresheni ya injini hii ila mkono unatosha kukwambia silinda ipo au haipo. Kwahiyo mzee alikuwa na bahati, na toka hapo sheria yetu ikawa koki ya maji inafungwa kabla ya kupiga stata, inafunguliwa injini ikishika tu, na aliyepewa kuikumbuka ni mzee mwenyewe.

Waya wa kuzimia nao nikauangalia, ule unaovuta kuzima injini. Kwenye injini iliyokaa, waya unaganda nusu njia na lile jino linabaki limekata mafuta, utapiga stata mpaka Krismasi. Ulikuwa mgumu lakini lilikuwa linarudi. Tukaupaka oili tukaendelea. Impela ya pampu ya maji, lile gurudumu la mpira lenye mabawa, tukaitoa, mabawa yote yamelala upande mmoja na mawili yana nyufa. Hiyo haizuii kuwaka ila ingetuchemshia injini siku ya kwanza. Hapa mjini sikuipata, ikaja na basi kutoka Dar. Chujio la maji lilikuwa limejaa mizizi ya magugu maji na konokono, na dogo akataka kuzama aangalie na tundu la chini, nikamkataza, pale kwenye matete kichocho kipo, tukalizibua kutoka ndani kwa fimbo.

Sasa mafuta. Nikafungua ile filta kubwa yenye bakuli la chini linalotenga maji. Kilichotoka hakikuwa dizeli, ni kitu kama mlenda mweusi, unavutika. Huo ni uhai kabisa jamani. Tangi likikaa na mafuta nusu, hewa iliyobaki juu inabeba unyevu, usiku inapoa, unyevu unakuwa maji, maji yanazama chini ya dizeli, na pale dizeli inapokutana na maji vinaota vijidudu vinavyokula mafuta na kuacha ute. Kwenye fuso huoni hii sana kwasababu tangi linazungushwa kila siku. Kwenye boti ya miaka 6 ndo kwake.

Tukasafisha bakuli, tukaweka filta mpya zote mbili, tukatoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta. Na hapa ndo nikajua kwanini yule wa kwanza alisema fidi pampu imekufa. Ile pampu ina kilevya kidogo cha kupampu kwa kidole, nikabonyeza, laini, haisukumi kitu. Lakini pampu hii inasukumwa na kemu, kile kinundu kinachozunguka ndani ya injini, na kama injini imesimama wakati kemu imeiinua, kilevya hakina kazi ya kufanya, kinacheza bure. Nikazungusha krenki mzunguko mmoja, nikabonyeza tena, ikaanza kusukuma. Pampu ilikuwa nzima toka siku ya kwanza.

Kutoa upepo kwenyewe mnakujua, unaanza karibu na tangi unaenda mbele. Skrubu ya juu ya filta, unapampu mpaka mapovu yaishe, unafunga ukiwa unapampu. Kisha skrubu ya pampu ya nozeli, hivo hivo. Kisha unalegeza nati mbili za mabomba juu kwenye nozeli, kilevya cha mwendo unakifungua chote, unapiga stata kidogo kidogo mpaka dizeli iteme, unafunga. Ila dogo weka kidole mbali, nozeli ya hii inafunguka kwenye kilo 170 kwa sentimita moja ya mraba, dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi na dawa yake ni hospitali kwa upasuaji, wala usidanganyike ni kajeraha kadogo.

Tukabana betri ya fuso, waya mwekundu moja kwa moja kwenye stata, mweusi kwenye bolti safi ya injini. Stata ikazunguka kama cherehani. Ikawaka. Mzee akapiga makofi. Dakika ya 4 ikaanza kupwaya, ikashuka, ikazima. Mzee akaniangalia tu.

Yule wa pili alifika hapa hapa akasema pampu ya nozeli, na ndo maana alianza kuwasha kwa kuweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa, mzee aliniambia. Jamani msifanye hivo kwenye boti. Petroli inalipuka kabla pistoni haijafika juu, inavunja ringi, na ule mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka unatulia chini kwenye tumbo la boti unasubiri cheche ya stata. Kwenye gari mvuke unatoka chini unaenda zake, kwenye boti hauna pa kwenda.

Mi nikatafuta dumu. Nilikuwa nalo la lita 5, jipya, nimelijaza dizeli safi nilipopita kituoni asubuhi. Nikachomoa mpira unaoingia kwenye fidi pampu, nikaunga mwingine kutoka kwenye dumu, dumu nikalikalisha kwenye ngazi ya kushukia ndani, juu kuliko injini, na mpira wa marejesho nao nikaurudisha kwenye dumu. Kwahiyo tangi, filta ya bakuli, koki na mabomba yote ya nyuma nimeyatoa kwenye mchezo. Tukatoa upepo, tukawasha.

Ikaenda. Dakika 5, dakika 10, tukanywa ile chai, dakika 40 haijapwaya hata mara moja, nikaitia gia ikiwa imefungwa kwenye boya, nikaibebesha mzigo, inaguruma tu. Nikamwambia mzee, pampu yako ya nozeli nzima, nozeli nzima, injini nzima. Haiwezekani pampu mbovu ikapona kwasababu umebadilisha chombo cha kuwekea mafuta. Tatizo lipo kati ya tangi na fidi pampu, na hapo katikati hakuna kifaa hata kimoja cha bei mbaya.

Hili la dumu ndo nataka watu walishike. Halihitaji akili nyingi wala kipimo, limegharimu lita 5, na limekata hoja ambayo mafundi wawili waliibishania kwa hela ya mzee.

Kutafuta sasa. Kama bomba linavuja dizeli utaona tone, utasikia harufu. Lakini kwenye boti hii tangi lipo chini ya injini, kwahiyo kipande chote cha kutoka tangi mpaka fidi pampu kinafanya kazi kwa kunyonya. Sehemu inayonyonya ikiwa na tundu haitoi dizeli nje, inaingiza hewa ndani. Inabaki kavu kabisa, unaipapasa na kitambaa cheupe hupati kitu, unasema hapa safi. Na injini ikizima, hewa inaingia polepole na dizeli inarudi zake kwenye tangi usiku kucha, asubuhi unakuta bomba tupu. Ndo maana kila siku asubuhi walikuwa wanaanza upya.

Nikamtuma dogo kwa mafundi ujenzi walikuwa wanajenga pale juu, akaomba kipande cha ule mpira mwangavu wa kupimia maji, mita moja. Tukauunga mahali pa mpira wa kawaida, kwanza kati ya filta ya bakuli na fidi pampu. Tukawasha. Mapovu yanapita kama soda. Tukausogeza nyuma, kati ya koki ya tangi na filta. Mapovu bado. Kwahiyo filta ya bakuli haina kosa, hewa inaingia kabla yake, na kabla yake pamebaki koki na kijiti cha kunyonyea kinachozama kwenye tangi. (Huo mpira ni wa kupima tu, msije mkauacha, dizeli inaukausha unapasuka na ukikaribia moto unayeyuka.)

Koki iko juu ya tangi, ya shaba, ile ya kuzungusha. Kavu. Nikaipaka grisi nzito kuzunguka shina lake, pale panapozunguka. Mapovu yakapungua palepale, mzee mwenyewe ameona kwa macho. Ufungio wa ndani wa shina umekauka miaka 6.

Lakini hapa nikasita, maana yakipungua sio yakiisha, na koki iliyochoka kidogo isingezima injini ndogo hivi inayokunywa mafuta kijiko kwa kijiko. Nikachomoa kijiti cha kunyonyea. Mwisho wake kina kichujio cha waya, kidogo kama kidole gumba, na kimejaa ule mlenda mweusi mpaka huoni waya. Sasa ikaeleweka yote. Fidi pampu inanyonya, mlenda umeziba, pampu inazidi kunyonya kwa nguvu, na ikizidi kunyonya inatafuta pengine pa kuvutia, inapapata kwenye shina la koki. Koki peke yake ingevumilika. Uchafu peke yake ungeifanya injini iende kwa unyonge. Vikiwa pamoja ndo unapata dakika 3. Na ukizima, ute unaachia kidogo unaanguka, ukiwasha tena inanyonya vizuri kidogo, inakudanganya imepona.

Kusafisha tangi sitakupotezea muda, ni kazi chafu ya siku nzima, tulinyonya mafuta yote kwenye madumu, tukafungua kifuniko cha mkono, tukasugua na matambara, chini kulikuwa na maji kama lita 3. Koki mpya. Kile kichujio cha waya sikukirudisha, filta ya bakuli inatosha na ile unaiona na kuisafisha, sio hii iliyojificha ndani ya tangi.

Tukawasha kwa betri ya fuso, ikaenda. Tukatoka kabisa, tukapita ghubani mpaka karibu na kisiwa cha Saanane, tukageuza, saa mbili na zaidi bila kupwaya. Nikalipwa, nikapakia betri yangu, nikaondoka najiona profesa.

Kesho yake saa moja asubuhi simu. "Fundi haiwaki."

Nitasema ukweli, niliudhika, na wazo la kwanza likawa lile lile, hewa imeingia tena, ile koki mpya nimeifunga vibaya. Nikaenda nikalegeza nati ya nozeli, dizeli inatema safi haina povu hata moja. Mzee akapiga stata nikasimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe, mzito, unanuka dizeli mbichi.

Hapo nikatulia. Ukipiga stata na huoni moshi wowote, mafuta hayafiki. Ukiona moshi mweupe wa dizeli, mafuta yanafika, yanapuliziwa, ila hayaungui, yanatoka kama mvuke. Kwahiyo sio mafuta tena, ni joto. Dizeli haina plagi ya cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa tu, na injini hii inabana mara 23, hewa inafika nyuzi zaidi ya 500. Lakini ibanwe haraka. Ukiibana polepole, joto linanyonywa na kuta za silinda ambazo bado baridi na hewa yenyewe inapenya pembeni ya ringi kabla haijachemka. Na haina hita plagi ya kuisaidia, nilisema tutaparudia. Alafu kuna jambo letu watu wa ziwa: maji haya yapo mita kama 1,134 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama sehemu moja ya nane, kwahiyo hata cha kubana ni pungufu toka mwanzo. Vitabu vya injini hizi vinaongea sana habari za baridi, asubuhi za barafu sijui, sisi baridi hatuna, kwahiyo injini ikikataa hapa kwa moshi mweupe angalia spidi ya stata kwanza.

Nikamwambia piga tena, nikasikiliza. Nyooo... nyooo... nyooo. Nikaona aibu. Sauti hiyo angeisikia hata konda wa daladala. Jana na juzi ilikuwa inalia kama cherehani!

"Mzee betri hii ya lini?" "Mpya fundi, nimenunua mwezi uliopita, na jana imechajiwa usiku kucha."

Kumbe siku zote nilizokuwa pale nilikuwa natumia betri ya fuso, waya moja kwa moja kwenye stata na bolti ya injini. Nilikuwa naruka nyaya zote za boti bila kujua, nimeficha ugonjwa wa pili kwa mikono yangu mwenyewe. Na bila shaka huo ugonjwa ulikuwepo toka siku ya kwanza, ndo ulimfanya yule mwenzangu achukue petroli.

Nikatoa mita. Betri ikiwa imetulia volti 12.5, sawa. Dogo akapiga stata, kwenye tamino za betri zenyewe 11.0, maana yake betri ina nguvu na haijalemewa. Nikapima kwenye stata, kutoka ile nati kubwa mpaka mwili wa stata: 8.3. Volti 2.7 zinapotelea njiani. Zinapotelea wapi? Unaweka ncha moja ya mita kwenye tamino ya plus, nyingine kwenye nati ya stata, unapiga stata, mita inakuonyesha zilizopotea upande huo tu. Ilikuwa 0.5 pamoja na swichi kubwa, sio nzuri sana lakini sio mwizi. Upande wa negativu, tamino mpaka mwili wa stata: 2.2. Mwizi huyo.

Nikafuata waya mweusi mpaka ulipofungwa kwenye injini, nyuma chini, huoni mpaka ulalie tumbo. Bolti imekazwa kweli, haichezi. Nikaifungua. Chini ya kichwa cha waya kuna rangi. Rangi nzuri ya kijivu, laini, inang'aa. Kabla ya kuuza boti kuna mtu aliipendezesha injini, akafungua waya, akapiga rangi kila mahali, rangi ikakauka, akarudisha waya juu ya rangi. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu na mkwaruzo mdogo pembeni. Taa zinawaka, redio inaimba, pampu ya maji machafu inafanya kazi, hivyo vinakula umeme kidogo. Stata ndo inataka mwingi kwa mpigo, na ndo peke yake iliyokuwa inalalamika.

Mzee akasema, "Na mimi hiyo rangi ndo iliyonifanya niinunue."

Tukakwangua na msasa mpaka chuma cheupe, kichwa cha waya kipya, washa yenye meno, bolti imekazwa, vaselini juu yake. Nikapima tena: kwenye betri sasa 10.6, na kwenye stata zimepungua kidogo tu kuliko hapo. Dogo akashtuka mbona kwenye betri zimeshuka kuliko mwanzo, nikamwambia ndo inavyotakiwa, sasa umeme unapita kweli, mwanzo betri ilikuwa haifanyi kazi yote. Koki ya maji imefungwa, kilevya cha mwendo nusu, kitufe. Haikumaliza sekunde mbili.

Nikarudi wiki iliyofuata kurekebisha nafasi za valvu, milimita 0.2 zote, injini ikiwa baridi, na kufungua kona ya ekzosi pale maji yanapoingilia, ilikuwa na masizi ila tundu bado linapitisha kidole gumba, nikaikwangua nikairudisha. Huko kwa wenzetu wa maji chumvi hiyo kona huliwa na kutu pia, sisi maji baridi yanatuhurumia, masizi tu.

Tangu hapo mzee amekwenda Ukerewe na kurudi. Nilipomuuliza anaionaje injini akasema nzuri, ila safari zote anabeba dumu la lita 5 la dizeli safi pale kwenye ngazi, kwa tahadhari. Nikamwambia mzee hilo dumu si langu? Akasema fundi, hilo sasa ni sehemu ya boti.